Neno la Mama

Mwalimu mstaafu Nzau, aliyechapa watoto wengi kwa kuongea Kikamba shuleni, siku hizi kazi yake ilikuwa kufufua maneno ya Kiingereza yaliyokufa. Asubuhi moja ya baridi kali, huko Kikima, alimtoa mama yake mgonjwa nje aote jua.

"Mwaitu, mama yangu, Waingereza wa kale joto hili waliliita *apricity*!"

Mama akaomba kitu kwa Kikamba cha zamani. Nzau hakulijua neno lile. Akaleta maji, akaleta uji. Mama akatikisa kichwa tu.

Akampigia simu dada yake, Mutanu, akamtajia neno lile.

"Hata mimi silijui," alisema Mutanu. "Waliolijua tumewazika. Si umuulize mama mwenyewe?"

Nzau akageuka. Kichwa cha mama kilikuwa kimeinama kifuani; alikuwa ameshakata kauli.