Kilemba cha Fundi Awadhi

Kilichomkosesha raha fundi Awadhi ni majani. Tena majani madogo, kama kucha za mtoto mchanga, yaliyoota chini ya maji kwenye tangi la samaki la Janeti, chumba cha pili kutoka karakana yake pale Kanyenye.

Na huyo Janeti, Awadhi mwenyewe ndiye aliyemfundisha! Binti alikuja kutoka Ulyankulu hajui hata kushika almasi ya kukatia kioo. Awadhi akamwonyesha kukata, kuunga kwa silikoni, kupima kama tangi linavuja. Miaka miwili. Alipofungua chumba chake, Awadhi alimwombea dua kwa moyo mweupe, maana alikuwa bado hajamshinda kwa lolote. Ila kilemba, ile zawadi ambayo mwanafunzi akihitimu humpelekea fundi wake, Janeti hakuleta. Hilo Awadhi alilimeza, lakini halikushuka vizuri.

Kisha vile vijimajani vikashuka na treni kutoka Dar. Janeti alivipachika kimoja kimoja kwa kibanio kwenye mchanga wenye unyevu, akafunika tangi kwa nailoni. Maji hakutia. Wiki sita alipulizia tu kwa chupa ya saluni, na Awadhi akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Tangi la samaki halina maji! Unapanda mchicha, Janeti?"

"Nasubiri vishike mizizi, fundi. Ukiwahi kujaza maji vinaelea."

Siku alipojaza, hakikuelea hata kimoja. Zulia la kijani lilitanda kutoka kioo hadi kioo, samaki wakipita juu yake kwa madaha. Watu waliokuwa wakisimama kwa Awadhi kutazama maua ya plastiki ndani ya matangi yake sasa walisimama kumuuliza njia: "Kwa yule dada wa majani ni wapi?" Hata Bi Ummy, mteja wake wa tangu zamani, aliyetafuta tangi la nyumba yake ya wageni, alimpita mlangoni kwa salamu ya haraka. Kijiba cha roho kikamkaba Awadhi. Kumuuliza binti amewezaje asingethubutu, fundi haendi kusoma kwa mwanafunzi wake. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akaona amesema kweli tupu.

Ijumaa Janeti akaja na ufunguo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Naenda nyumbani kuvuna maharage, narudi Jumatatu. Naomba unilishie samaki. Sina mwingine wa kumwachia."

Jumamosi aliwalisha. Jumapili alisimama mbele ya tangi, mkono mmoja una chakula cha samaki, mwingine una konzi ya mbolea ya tumbaku iliyobaki kutoka shambani kwake Isikizya. Alijidanganya kidogo: mbolea si hukuza majani? Nani atamlaumu? Lakini amelima tumbaku miaka yote, alijua konzi ile inatosha mashina kumi. Akaitupia yote.

Jumatatu maji yalikuwa yamechafuka kama yaliyooshewa mchele, samaki wameelea matumbo juu, majani yameanza kuwa ya njano. Janeti alikaa chini palepale.

"Bi Ummy alilitaka hili tangi mara tatu," alisema. "Nikamkatalia. Nikamwambia lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wewe, fundi. Kilemba chako. Nilisema sitakupa kitambaa cha dukani, nitakupa kazi ya mikono uliyoifundisha. Ningekukabidhi Ijumaa hii ukitoka msikitini." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Niambie nimekosea wapi. Wewe ndiye unayejua."

Awadhi alikwenda karakanani kwake. Alirudi na kiroba cha mbolea, akakiweka sakafuni kati yao, akashindwa kuinua uso.

Janeti alikitazama kiroba. Akalitazama tangi. Kisha akanyoosha kiganja, na fundi wake akamrudishia ufunguo.