Misalaba Mitatu ya Jailos

…na nani alikuwa akiuziba kwa udongo ule msalaba wa Mitesh uliochongwa ubaoni kila Jumatatu, hilo Veneranda hakulijua siku ile wala hajalijua mpaka leo, mlinzi anaapa hakuona mtu, wanafunzi wanainamisha macho, na sasa mkuu wa chuo anamtazama juu ya miwani, "Mama Mlezi, tunakusubiri," naye ndiye mlezi wa wanafunzi, na ubao ule wa kumbukumbu aliuagiza mwenyewe Mafinga, baada ya basi dogo kupinduka likitoka Madibira na wanafunzi wake watatu wasirudi, Roza, Maganga, Mitesh, akaandika majina kwenye karatasi, majina tu, na fundi Jailos, mchonga vibao vya makaburi, akatangulizia kila jina msalaba kama mkono wake ulivyozoea, naye Veneranda alipouona… aliuona, ndiyo, asijidanganye, aliuona akasema mninga mzuri huu, akasaini… "Wa mwanangu usiguswe," anasema mzee Kalinga, baba yake Roza, "leo mmoja, kesho mtatuambia hata Roza hakuwepo," na Rupal, mama yake Mitesh, Mhindu kwa dini, aliyeingia akiwaamkia kwa Kihehe "kamwene" hata mzee akaitikia kabla ya kukumbuka kwamba amenuna, anasema taratibu, "Baba Roza, sijaja kuutoa wa binti yako, huwa nauwekea maua, nimekuja kuuliza kwa nini mimi sikuulizwa," mzee anakohoa, anavua kofia… kwa nini hakuulizwa, duka lake la vitambaa liko hapo Kihesa, Veneranda amekaa mle mara ngapi akinywa chai ya tangawizi, wakisimuliana habari za watoto, angeuliza tu… akili inakimbilia jibu, toa wa Mitesh, acha mingine, kikao kiishe, kisha inakwama, kwani Maganga je, baba yake yuko na ng'ombe zake Usangu, hata siku ya kuuzindua ubao hakuja, nani anajua nyumbani kwao wanamwomba nani, wafu wao wanawakumbukaje, nawe Veneranda ulitaka kumwamulia tena, mara ya pili, kwa sababu tu hayupo hapa kugonga meza… "Mama Mlezi?" mkuu anarudia, chai bado inafuka vikombeni, Rupal hajaketi, mzee hajaivaa kofia, na Veneranda anainuka, "Niliuona nikasaini, kosa ni langu, na bado kuna mzazi hatujamuuliza," basi ndivyo ilivyoamuliwa, wa Roza ubaki, wa Mitesh utoke, wa Maganga usubiri neno la kwao, na patasi aliishika Jailos, lakini safari ya Usangu, ya kwenda kubisha hodi na kuuliza, aliifunga Veneranda mwenyewe.