Ulezi wa Bibi Damari

"Ng'oeni taratibu, mizizi isikatike!" Mwalimu Scola aliwahimiza watoto wa awali, waliokuwa wametapakaa kando ya njia wakichagua mmea wa kupeleka darasani.

Matembezi yalikuwa yamenoga kwelikweli. Mmoja alimbeba jongoo, mwingine alijaza mfuko mavi ya mbuzi akidai ni mbegu. Peniel peke yake alisimama, mikono mgongoni.

"Mwalimu, huu ni ulezi wa bibi."

"Ni nyasi tu, Peniel. Acha ubishi, ng'oa."

Akang'oa.

Scola alikulia migombani, Bukoba. Ulezi aliujua ukiwa uji kikombeni. Lakini si angeuliza, jamani! Mchana, Mwalimu Klara alipoiona miche imepangwa dirishani, alishika kichwa.

"Mungu wangu! Mmeng'oa ulezi wa Bibi Damari? Na mvua ndiyo hiyo imekata?"

Scola alianza kujiuliza. Aende akaseme? Akajipa visababu: jua kali, madaftari hayajasahihishwa, atakwenda kesho. Woga mtupu, na mwenyewe alijua.

Asubuhi Bibi Damari alimwahi. Alifika mlangoni mwa darasa akimvuta Peniel mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mjukuu wangu amenitia aibu. Kaniharibia shamba, halafu anakusingizia, eti wewe ndiye uliyesema wang'oe. Mwalimu mzima asiujue ulezi? Nimemchapa kwa uongo huo. Haya, omba radhi!"

Peniel alitazama vidole vya miguu yake. "Nisamehe, mwalimu. Nilidanganya."

Neno moja tu, "nimekusamehe," na yote yangeishia pale. Scola alilisikia likimjia mdomoni, akajichukia.

"Hakudanganya, bibi," alisema. "Ni mimi. Aliniambia kabisa kuwa ni ulezi wako, nikamlazimisha. Na jana nilishajua, nikaogopa kuja."

Bibi Damari aliuachia mkono wa Peniel. Habari ya shamba hakuigusa tena. Alichuchumaa, akapandisha kaptula ya mjukuu wake, akaanza kuipapasa ile mistari ya fimbo kwa kiganja, polepole. Scola naye akachuchumaa, asijue mikono yake aiweke wapi.

Peniel aliwatazama wote wawili pale chini, mmoja huku, mwingine huku.

"Mwalimu," aliuliza, "sasa niseme nini?"