Salamu za Bwana Debe

Mwalimu Sabina alimtoa mumewe jikoni siku ile mbuzi ya pedali ilipokuna nazi. Kukuna ilikuna, hilo hata yeye hakulikataa. Tabu ni kwamba Elia alikuwa ameiunga na gurudumu la baiskeli, akakanyaga kwa hamu, nazi nyingi ikapanda darini, nyingine ikatua kwenye nywele za mke wa mchungaji aliyekuja kuwasabahi.

"Vyuma vyako vitafutie nyumba," Sabina alisema huku akimfuta mgeni. "Hii ina mke tayari."

Ndivyo Elia alivyofika kwa Gulamali.

Elia alikuwa mtu wa Kasulu. Kazi ya bandari ndiyo iliyomleta Mtwara akiwa kijana, akawa fundi wa winchi, na winchi akaishika miaka mingi mpaka lilipokuja lile wimbi la kupunguza watu, naye akapunguzwa. Kwao hakurudi. Mtu aliyezoea kunyanyua magunia ya korosho juu kwa juu kwa kuvuta kijiti kimoja, umpe jembe? Akabaki anaokota vyuma, anaviunga, anavitenganisha. Mwili wenyewe alikuwa hana, mwembamba kama ufito, na akibeba chuma hujui nani kambeba mwenzake.

Gulamali alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mikindani, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na dirisha kubwa la upande wa maji. Elia alipokiona tu, moyo ukahamia humo kabla ya vyuma.

"Chumba si changu," Gulamali alimwambia. "Nyumba yote hii ya dada yangu Zarina, yuko Lindi. Baba alimwandikia yeye nyumba, mimi akaniachia duka. Anakuja kila mwaka korosho zikishauzwa. Akikukuta na kitu cha maana, utakaa. Akikukuta na takataka, utazibeba mwenyewe."

"Kitu cha maana ndiyo kipi, bosi?"

"Kinacholeta watu dukani."

Basi Elia akajifungia. Alipotoka alikuwa na Bwana Debe.

Kiwiliwili kilikuwa pipa dogo la mafuta, kichwa sufuria, macho taa mbili za pikipiki. Mkono wa kulia ulivutwa na mota ya waipa ya lori la Bedford, ukapanda mpaka kwenye sufuria na kupiga saluti, kidogo kwa kishindo. Tumboni mlikaa redio kaseti, na vyote vilikula betri ya gari, maana umeme wa siku zile ulikuwa kama mkwe: ukija, kila mtu anasimama. Pale mlangoni paliwekwa ubao. Ukiukanyaga, macho yanawaka, saluti inapigwa, na sauti ya Elia mwenyewe, na lafudhi yake ya Kasulu, inatoka tumboni: "Shikamoo, mzee. Karibu ndani." Mkanda mzima, mwanzo hadi mwisho, ulikuwa na maneno hayo tu. Ukijivuta pale mlangoni unaamkiwa tena. Ukiruka haraka, anayekufuata anapata mkia: "...moo, mzee."

Watu walikuja, bwana. Danieli, karani wa wakala wa kutoa mizigo bandarini, kijana mnene aliyekuwa hajaoa bado, alitoka mjini na pikipiki kila jioni kununua skrubu moja. Mtu amwage shilingi zake za petroli kwa ajili ya skrubu? Alikuja kuamkiwa. Ofisini kwao yeye ndiye aliyekuwa anawaamkia wote, hata mfagizi.

"Marahaba," Danieli alijibu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akasogea nyuma, akakanyaga tena.

Ila watoto nao wakaja. Watoto wa shule walipanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji, kila mmoja akaamkiwa, kila mmoja akaitikia kwa kutoa kitambi asichokuwa nacho. Wiki haikuisha Sabina akarudi nyumbani na uso wa mtihani.

"Leo nimeingia darasa la tatu," alimwambia mumewe. "Wamesimama, wananitazama. Na mimi nawatazama. Kimya. Halafu mmoja ananiambia, marahaba mwalimu. Sijamwamkia, Elia. Kaniwahi."

Elia alitaka kucheka, akaona si mahali pake.

"Hilo debe lako halijui nani mkubwa," Sabina akaendelea. "Mtoto ni mtoto. Mfundishe."

"Sasa bati litamjuaje mkubwa?"

"Wewe unamjuaje?"

"Namtazama."

"Haya, nalo litazame."

Macho yale ya pikipiki yalikuwa hayaoni kitu, na Elia alijua. Alizunguka chumba chake siku nzima. Umri wa mtu unaupataje na betri ya gari? Lakini mtu wa winchi ana namna yake ya kufikiri. Bandarini kitu kikija kimefungwa, hujui kilichomo, hukiulizi: unakipima. Na mkoa mzima ule, ukifika msimu, kila jambo huishia kwenye mizani ya korosho. Elia akaona jibu limekaa wazi mbele yake. Wakubwa ni wazito, watoto ni wepesi. Nani anabisha?

Akaipata mizani kuukuu, akaichimbia chini ya ule ubao wa mlangoni, akaongeza kaseti ya pili. Mzito akikanyaga, boriti ya mizani inapanda na kuwasha mkanda wa shikamoo. Mwepesi akikanyaga, boriti inalala, na Bwana Debe anasema: "Hujambo, mtoto? Umetumwa nini?" Hiyo ndiyo kauli ya kila duka kwa kila mtoto, na Elia aliitamka kwa upole kabisa.

Watoto walinyooka siku hiyohiyo. Aliyekuja kuamkiwa aliulizwa katumwa nini, akaona aibu, akarudi kwao. Sabina akaamkiwa darasani. Danieli, na uzito wake, akaendelea kuwa mzee. Elia alikuwa amekaa kwenye kreti la soda anajipongeza, alipoingia Josephu.

Josephu alikuwa katekista mstaafu, mkubwa kuliko nyumba nyingi za mtaa ule, na mwili wake ulikuwa umeshaanza safari zamani, imebaki kanzu na mifupa. Alikanyaga ubao.

"Hujambo, mtoto? Umetumwa nini?"

"Sijambo," Josephu alijibu. "Nimetumwa bawaba."

Ndipo akasimama. Akaligeukia pipa, akamgeukia Gulamali.

"Gulamali, hiki kidude chako nnakijibu mie kama mjukuu?"

"Samahani sana mzee wangu, fundi atarekebisha."

"Atarekebisha nini? Kimeshaniuliza, na nimeshasema." Akaondoka bila bawaba.

Kesho yake alirudi amebeba mfuko wa rambo, anahema. Akakanyaga. "Shikamoo, mzee. Karibu ndani." Josephu akaitikia marahaba ile ya kanisani, ndefu, kisha akautua mfuko kwenye kaunta. Ndani mlikuwa na jiwe la kusagia la mkewe.

Habari ile ilienea. Wazee wembamba wa Mikindani, na ndio wengi, wakaanza kufika na mizigo. Wengine waliona tabu kubeba mawe kutoka nyumbani; walipokea "hujambo, mtoto" kwa kununa, wakanunua misumari au mfuko wa chokaa, wakatoka nao nje na kuingia upya. Elia alipotoka na bisibisi kwenda kuirekebisha mizani, Gulamali akamshika mkono.

"Usiguse."

"Lakini bosi, wanatukanwa."

"Wanatukanwa, wananunua. Acha."

Aliyepata tabu ya kweli ni Elia. Kila asubuhi alipoingia kazini, sauti yake mwenyewe ilimkaribisha: "Hujambo, mtoto? Umetumwa nini?"

"Sijatumwa," alikuwa anajibu. "Nakaa hapa."

Lakini kukaa kulikuwa bado. Korosho zikauzwa, na simu ikaja kutoka Lindi kwamba Bi Zarina atapanda basi la Alhamisi. Gulamali aliiweka simu chini, akamwita Elia kwenye kaunta.

"Fundi. Dada yangu ni mdogo kuliko mwavuli wake."

Wakatazamana. Wote wawili wakaugeukia ubao.

"Akiulizwa katumwa nini mbele ya watu," Gulamali alisema, "wewe huna chumba, na mimi sijui nitakuwa na nini."

Elia akalala chini na bisibisi. Skrubu ya mizani ilikuwa imekamatwa na kutu, haikwenda mbele wala nyuma; kuilazimisha ni kuivunja. Mwishowe akapata njia. Chini ya ubao, juu ya sahani ya mizani, akaulaza mfuko wa misumari ya inchi tatu. Uzito wa misumari ukiongezwa na wa mtu yeyote, awe kipande cha mtu, boriti inapanda. Wakamjaribu mtoto wa jirani: shikamoo, mzee. Gulamali akacheka mpaka akakaa. Elia aliingia chumbani kwake siku ile na kwa mara ya kwanza akapigilia rafu ukutani.

Alhamisi ilianza vizuri. Ila kabla ya adhuhuri likasimama lori la mtu anayeezeka ghala huko Naliendele. Anataka misumari ya inchi tatu. Mjini imekwisha, kazunguka maduka yote. Gulamali akamwambia hakuna. Mtu akageuka, akafika mlangoni, kakanyaga ubao wenyewe, kaamkiwa, anaondoka. Gulamali tangu azaliwe hajawahi kumtazama mteja mgongoni na kitu anacho. Basi la Lindi, akajiambia, huwa linafika jioni. Mfuko wa kitu kingine ataulaza pale baadaye. Akamwita mtu arudi, akamfukulia ule mfuko chini ya ubao.

Basi la Lindi siku hiyo halikupasua hata tairi moja.

Elia alikuwa chumbani, anapanga bolti kwenye rafu yake mpya. Alisikia mwavuli ukigonga kizingiti. Akajiweka sawa, akasikiliza shikamoo yake.

"Hujambo, mtoto? Umetumwa nini?"

Danieli alikuwamo, katoka kazini mapema; Josephu na jiwe lake alikuwamo. Bi Zarina, mama wa miaka yake sabini na kitu, mtandio mweupe na miwani mikubwa kuliko uso, alisimama palepale juu ya ubao, akalitazama lile sufuria linalompigia saluti.

"Sijambo," alisema. "Nimetumwa na marehemu baba, nije nione nyumba yake inaliwa na nani."

"Dada," Gulamali alianza, "ngoja nikueleze—"

"Njoo hapa nilipo mimi."

Alishuka, na Gulamali akapanda, na tumbo lake likatangulia. Macho yakawaka. "Shikamoo, mzee. Karibu ndani."

"Marahaba," Gulamali aliitikia. Ulimi wa mazoea hauulizi nani yupo.

"Marahaba?" Bi Zarina alimtazama mdogo wake kutoka kwenye viatu hadi kidevu cha pili. "Hili bati lina akili. Limejua nani amekuwa anakula." Kisha akapaza sauti: "Aliyelitengeneza yuko wapi?"

Elia alitoka na bolti mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniita mtoto?"

"Si mimi, mama, ni mashine."

"Sauti ni yako."

Elia aliigeuzageuza bolti mkononi. Alikuwa anaifikiria rafu.

Bi Zarina akarudi kwenye ubao, akakanyaga tena, polepole. Akaulizwa tena. Alisimama tu, mikono juu ya mwavuli, akasikiliza mpaka mkanda ulipouliza mara ya tatu.

"Tangu mama yangu afe," alisema, kwa Elia zaidi kuliko kwa wengine, "hakuna aliyeniuliza nimetumwa nini. Kule Lindi naamkiwa tu kutwa nzima, shikamoo bibi, shikamoo bibi, mpaka nasikia udongo wa kaburi. Hii mashine haitoki hapa. Gulamali, umesikia? Na asiiguse mtu."

Kumbe Elia amepita. Gulamali alimkonyeza kutoka nyuma ya kaunta, na Danieli akampiga begani. Chumba ni chake, na dirisha la maji, na rafu.

"Na mimi sirudi Lindi," Bi Zarina akaendelea. "Nahamia. Nataka niwe nalipita kila asubuhi nikitoka kutembea. Kile chumba cha nyuma chenye dirisha bado kiko wazi?"

Gulamali akawa anapanga bawaba.

"Kina vyuma kidogo," Elia alisema mwishowe.

Bi Zarina akaenda kuchungulia ndani. "Basi vitoe mwanangu, kabla jua halijazama. Na hiyo rafu uliyopigilia iache, nitaweka dawa zangu."

Sabina alitumiwa ujumbe, akaja na mkokoteni wa kukodi. Alisimama nje ya mlango na mikono kiunoni, akihesabu kwa macho kipi kitaingia uani kwake na kipi kitaishia kwa wanunuzi wa skrepa. Gulamali alitoka kumsalimu, na alipofika mlangoni akauruka ubao mzima, mwili wake wote hewani, akatua nje kwa kishindo. Dada yake alikuwa amekaa kwenye kreti la soda anamtazama. Tangu siku hiyo hakuukanyaga tena.

Elia alibeba kila alichoweza kwa safari moja, asirudie: mota, gia, ile mbuzi ya pedali na gurudumu lake, boksi la bolti kifuani, minyororo shingoni. Alikuwa haoni mbele. Akautafuta mlango kwa mguu, akaukanyaga ubao.

Mizani ikalia. Boriti ikapanda.

"Shikamoo, mzee," sauti yake ilimwambia, na mkono wa waipa ukagonga sufuria. "Karibu ndani."

Elia alisimama pale na vyuma vyake vyote.

"Marahaba," alisema.

"Itikia ukitembea," Sabina alimwambia. "Mkokoteni unasubiri."