Mstari Hafifu

Auleria aligeuza skrubu ya hadubini kulia mpaka uzi ulio ndani ya lenzi ukaukalia mstari. Akasoma namba, akaandika. Kisha akaupita mstari makusudi, akaurudia kwa kugeuza kushoto. Namba ikawa nyingine.

Alijaribu mara nne. Skrubu ilikuwa inacheza.

Kwenye kioo cha picha mbele yake, mwanga wa wingu la gesi lililo kando ya galaksi moja ulikuwa mstari mmoja tu, hafifu kama mvuke. Kiasi ulichohama mstari kutoka mahali pake pa kawaida ndicho kilichoonyesha mwendo wa gesi. Kwa wiki tatu alikuwa akiutafuta huku na huku, bila kujali anauingilia upande gani.

Mwalimu Gozbert aliingia na barua ya kupeleka kwenye jarida la sayansi mkononi. "Nimeshaichapa, ndugu Auleria. Kilomita mia mbili na arobaini kwa sekunde. Jina lako liko chini ya langu."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Si tulisalimiana asubuhi? Shikamoo ya pili ina jambo."

"Namba hiyo si ya kweli. Skrubu ikigeuzwa nyuma inazunguka bure kidogo kabla ya kushika. Inaweza kukosea kilomita sitini kwa sekunde."

Gozbert aliketi. "Nani kakwambia?"

"Cherehani ya mama, nyumbani Mtoni. Gurudumu lake lina tabia hiyo hiyo."

"Ungenyamaza, mie nisingejua."

"Ndiyo."

"Kioo ni cha kuazima. Kinapanda ndege keshokutwa kurudi kwa wenyewe. Vipimo vinavyotakiwa ni sitini."

"Najua."

"Visipotimia, barua inakwenda bila namba. Na bila jina lako."

Auleria alikuwa ameshamwambia mama yake habari ya jina. Mama naye alikwishawatangazia wote kwenye foleni ya unga.

"Basi iende bila jina," alisema, akavuta karatasi safi.

Akaanza upya, akigeuza kulia tu. Saa tisa na nusu alikuwa na vipimo kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilimshinda: macho yalijaa maji, mstari ukayeyuka. Akakifunika kioo kwa kitambaa cheusi mpaka kesho.

Nje jua lilikuwa bado kali. Akiteremka kilima kuelekea kituo cha basi cha Mwenge, kila alipofumba macho aliuona mstari, mweupe sasa, ukisogea taratibu. Upande gani, hakuweza kusema.