Chupa ya Watu Sita

Kabatesi alishona nyavu za sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa vidole. Aliupitisha mkono juu ya matundu madogo, na kidole kilipozama kupita kiasi, hapo ndipo alipoingiza sindano. Jicho la kushoto lilikwisha kuharibiwa na kisukari. La kulia lilikuwa na doa katikati. Akimtazama mtu, aliona masikio bila uso.

Asubuhi hiyo Bizumuremyi, mwenye mitumbwi, alikuja ufukweni na wavu alioushona juzi. Hakumfokea. Alimshika mkono akamgusisha tundu la kupitisha ngumi, akasema samaki wamepitia hapo, na kwamba sasa atatafuta mtu mwenye macho. Kabatesi alimwomba amvumilie kidogo, kwa kuwa leo ilikuwa siku yake ya kuchomwa sindano ya jicho.

Ile ya kwanza, mwezi uliopita, ilimsaidia. Daktari alimweleza kuwa dawa hiyo, bevasizumabu, ilitengenezwa kwa ajili ya kansa: huzuia mishipa mibovu ya damu isiote. Jicho huhitaji tone tu, hivyo chupa moja hugawiwa wagonjwa kadhaa. Baada ya wiki mbili aliuona uzi tena. Lakini siku hizi doa lilikuwa likirudi, na alikuwa ameambiwa achomwe mara tatu bila kuruka mwezi.

Alipanda kilima kwa miguu hadi kliniki. Kwenye benchi walikuwa wanne. Yeye akawa wa tano. Walikaa hapo mpaka adhuhuri, ndipo muuguzi Igor akatoka na karatasi mkononi.

“Dawa iko, mama,” alimwambia Kabatesi, aliyekuwa karibu na mlango. “Ila muko watano. Chupa inafunguliwa kama muko sita.”

Aliyekosekana alikuwa Jovia wa Mudende. Kabatesi alimsihi Igor ampigie simu. Aliyepokea alikuwa binti wa Jovia. Alisema mama yake haoni tena hata mwanga, na ameamua kutokuja.

“Na kama munafungua,” Kabatesi aliuliza, “ile inabakia munafanya nini?”

“Tunatupa. Sheria haituruhusu kuiweka.”

“Donc, kumbe munaogopa kutupa dawa. Macho yetu ndiyo munaweza kutupa.”

Igor aliwageukia wote. Aliwaambia daktari atarudi mwezi ujao, kisha akawapa fomu moja ya wote watano watie sahihi. Asiyetia hatapangiwa siku. Wagonjwa wengine walitia mmoja mmoja wakaenda zao, mzee wa mwisho akiongozwa na mjukuu wake.

Zamu yake ilipofika, Kabatesi alimwomba Igor amsomee kilichoandikwa. Igor alisita, kisha akasoma kwa sauti ya chini: mgonjwa ameomba mwenyewe kuahirishiwa.

“Mi sikuomba.”

“Ni fomu tu, mama. Zote ziko vile.”

Alichukua kalamu. Mstari hakuuona, wala hakuutafuta. Aliandika kwa herufi kubwa, zikapanda juu ya maneno ya fomu na kukata majina ya wenzake wote wanne: NILIKUJA.

Igor aliichukua karatasi. Alisema hii haiwezi kupelekwa Kigali; itabidi aandike fomu mpya, na wote watano watie sahihi upya.

Alichungulia nje. Benchi lilikuwa tupu, na wale wanne walikuwa wamekwisha kuteremka kilima.