Sifuri za Kisima Namba Saba

…na huo mshale wa geji unapanda tena, polepole, kama mtu anayenyata, vali ameifunga fundi sasa hivi tu, hata dakika nne hazijapita, na tayari presha ni mia moja na ishirini, gesi imepata upenyo kwenye saruji kuukuu ya kisima huko chini ya bahari, inapanda katikati ya bomba na bomba, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu, "Namba saba vipi, fundi? Sifuri?" redio inakoroma kiunoni, bosi wa zamu ana haraka zake, kibali cha kuchomelea kiko mezani kinangoja sahihi, na mchomeleaji mwenyewe si mwingine ila shemeji, mdogo wa mkewe, yule pale juu ya ngazi anavaa glavu huku anapiga mluzi… miaka kumi na moja fundi anaandika sifuri, na si uongo, sifuri aliiona kwa macho yake, unafungua vali, gesi inapumua, mshale unalala, unaandika, unafunga, unakwenda kunywa chai, aliyemfundisha alikuwa akisema kisima hiki ni mzee, mwache ajambe kabla wageni hawajaingia, wakacheka mpaka machozi, lakini kitabu cha kazi kinataka ufunge kwanza, usubiri siku nzima ndipo usome, na nani aliwahi kusubiri, mia moja na tisini, mwanaharamu wewe, na shemeji kutoka ngazini, "Shem! Ukimaliza niambie niwashe!"… cheche moja tu… na dada mtu, mkewe fundi, kwenye simu juzi, mwangalie huyo, sina mwingine, naye akajibu kwa majivuno, huku kwangu yuko salama kuliko hapo kwako… mia mbili na kumi, akisema ukweli watauliza ya jana, ya mwaka jana, watafungua madaftari yote, na kila sifuri ina mwandiko wake, kazi imekwisha, na heshima nayo, au afungue tena, robo mzunguko tu, mshale ulale, mkono umeshafika kwenye chuma, na hapo ndipo inamjia kwamba hajui, hajawahi kujua hata siku moja, kisima hiki kingefika wapi kama kingeachwa, mia tano, elfu, miaka yote hiyo amekuwa akikinyamazisha bila kukisikiliza, anaogopa, anaogopa kweli, redio inakoroma tena, "Fundi, nipe sifuri yangu basi!"… mkono unaachia vali, unatafuta kalamu, mia mbili na arobaini, wino umegoma, anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, "Shuka, shem," anaita kuelekea ngazini, "shuka, nasema, usiwashe kitu," na mshale bado unapanda, naye anausoma…